Fimbo Inayoingia Ndani ya Fimbo

Tshopo, mtaani kwetu, kabla ya kutoka

Kosa langu la kwanza lilikuwa msasa. Bomba la alumini likitoka kwenye paa la mtu huwa na mikwaruzo, nami nikijua kuna mkwaruzo mahali silali. Kwa hiyo nilisugua. Nilianza na msasa mkali, nikaja mlaini, nikamaliza kwa kitambaa na dawa ya meno. Ilinichukua siku tisa, mpaka bomba la ndani likawa linaingia kwenye bomba la nje bila sauti yoyote. Nilijiona nimefaulu. Haikunijia kabisa kwamba kitu kinachoteleza vizuri hivyo kitateleza pia siku ambayo hutaki.

Rafiki zangu, mmeniuliza mmoja mmoja safari ya Ubundu ilikuwaje, na kila mmoja nimempa kipande tofauti, kwa sababu vipande vingine vinanitia aibu. Naviandika vyote hapa. Habari za vibali na karatasi nimeziacha. Zilikuwa nyingi na zote zilifanana.

Tonton Ramazani ni mdogo wa marehemu baba yangu, na ni mpiga picha. Si wa harusi. Kazi yake ni zile picha ndogo za kichwa na mabega mbele ya kitambaa cheupe, na kwa miaka mingi amezunguka nazo katika shule za njia ya Ubundu, kwa sababu mwanafunzi wa mwaka wa sita haingii mtihani bila picha kwenye faili. Mwaka jana faili kadhaa zilirudishwa. Kwenye picha wanafunzi walikuwa na macho manne. Mkuu wa shule moja ng'ambo ya Ubundu, mama ambaye kila mtu humwita Madame Préfet, akatuma ujumbe kwa mdomo wa dereva wa pikipiki: mwaka huu Papa Ramazani aje mara moja ya mwisho, na picha zikitoka vile tena, atamwita kijana mmoja mwenye simu nzuri. Shule nyingine za njia ile humfuata mama huyo. Akimwacha tonton, njia nzima imemwacha, na tonton hana njia nyingine.

Yale macho manne yalitoka kwenye mikono. Mikono ya tonton inatetemeka. Nyumbani tunaona sote na hakuna anayesema, kwa kuwa kwetu mtu hamwambii mdogo wa baba yake kwamba mikono yake inatetemeka. Unaweza kumwambia kwamba njia ni mbaya.

Ndiyo maana nilitengeneza fimbo. Stendi ya miguu mitatu angeikataa mlangoni, maana angejua mara moja inasema nini. Lakini fimbo ya kutembelea, ambayo kwa bahati tu ina skrubu ya kamera kichwani, niliona hiyo haimsemi mtu. Nilijifunza kwenye video za simu, bila sauti, kwa sababu lugha yao siielewi na sauti inakula umeme. Bomba la nje lilikuwa mguu wa kitanda cha kambi. La kati lilikuwa mlingoti wa antena ya jirani. La ndani nililipata kwa mafundi wa madirisha. Vipenyo havikukubaliana, nikatia katikati vipande vya chupa ya plastiki. Vibano vya kufungia nilivitoa kwenye toleka, zile baiskeli za kubeba abiria, pale kibano kinaposhika bomba la kiti. Fundi wa sufuria alinisubia kichwa kwa pistoni zilizoyeyushwa. Skrubu ilichongwa kwenye karakana za Simi-Simi mara tatu, kwa sababu mara mbili niliirudisha. Ikifungwa yote inaingia kwenye mfuko. Ikivutwa nusu ni fimbo. Ikivutwa yote, kamera inakaa sawa na jicho la tonton.

Kila fundi alinipa ushauri uleule: funga na kauchu. Kauchu ni vipande virefu vya mpira wa ndani wa tairi, na kwetu ndivyo vinavyoshikilia dunia: mizigo, mipini ya mapanga, mlango wa jirani. Nilikataa. Nilitaka kitu ambacho mtu akikiona asijue kimetengenezwa Tshopo. Naandika hili ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani.

Siku ya kumpa, nilimwambia tonton kwamba nimefikiria ile njia na nimeona ni mbaya kwa mguu wake. Tonton akatazama miguu yake, mmoja, halafu wa pili. Akauliza ni upi. Nikasema wa kushoto. Akasema asante.

Kuvuka hadi Lubunga

Reli ya Ubundu inaanzia Lubunga, ng'ambo ya mto, kwa hiyo safari huanza na mtumbwi wa injini. Nilikuwa nimeshika fimbo wazi, imevutwa yote, kwa sababu nilitaka kuhakikisha mara ya mwisho kwamba imenyooka. Mama mmoja mwenye beseni la samaki wa kukaushwa aliniuliza kama inashika mtandao. Kabla sijajibu, mwanamume nyuma yake alitoa simu, akaiinua, akasema tangu nilipoivuta amepata mistari miwili. Nikamweleza kwamba ni fimbo ya kutembelea. Akasema sawa, lakini nisiifunge mpaka tufike. Tulivuka hivyo, mimi nimesimamisha alumini katikati ya mtumbwi na watu watano wanapiga simu. Mmoja alimaliza mazungumzo ya kifamilia yaliyokuwa yamekwama kwa muda mrefu, akanishukuru.

Tulipopanda ukingoni tonton alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Nilifurahi. Ni vibaya kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Stesheni

Treni ya Ubundu watu huisubiri. Wengine hupika pale, wengine huoa pale. Tonton alikuwa amepata habari kwamba siku ile itaondoka asubuhi, naye akanisihi tutoke mapema. Nami asubuhi ile nilikuwa nimefungua kibano cha chini ili nikisafishe, nati ikaanguka kwenye mchanga wa uani, na nilichuja mchanga wa uani wote kwa kichujio cha unga. Nati niliipata. Tulipofika stesheni tulikuta mama anayeuza lituma ameketi peke yake mbele ya vyungu vyake.

"Imeenda," alisema. "Hata mimi siamini."

Tonton hakunikaripia, na hilo lilinichoma zaidi. Aliketi, akaagiza lituma, ile ndizi ya kupondwa, na makayabu, samaki wa chumvi, juu yake. Mama yule alitueleza mara tatu jinsi treni ilivyoondoka, kama mtu anayesimulia tetemeko la ardhi. Lituma ilikuwa nzuri sana. Nilikula huku nikihesabu moyoni ni saa ngapi nimempotezea tonton kwa nati moja, na nilipomaliza kuhesabu nikaanza tena, maana sikuwa na hakika na hesabu ya kwanza.

Pikipiki, hadi kwenye kamba

Tulipata pikipiki mbili. Njia inafuata reli kupitia msituni, na mara nyingi njia hiyo ni kumbukumbu ya njia tu: tope, mizizi, magogo mawili juu ya kijito, tope tena. Kwenye magogo abiria hushuka na kutembea, na kila tulipotembea nilikaa nyuma ya tonton kutazama fimbo inafanyaje kazi. Ilifanya kazi. Kila mara ilijifupisha kidogo, upana wa vidole viwili hivi, nami nikadhani ni udongo laini.

Katikati ya safari kulikuwa na kamba iliyokatisha njia, na mwanamume mwenye kofia ameishika. Aliitazama fimbo muda mrefu.

"We petit, ile machine iko ya nini?"

"Haiko machine, chef. Iko fimbo ya tonton."

"Fimbo gani inaingia ndani ya fimbo?"

Nikaanza kumweleza habari za bomba la kati. Hilo lilikuwa kosa langu lingine. Mtu mwenye wasiwasi akiulizwa swali moja hujibu matatu. Niliposema kwamba kichwani kuna skrubu ya kushikia chombo, alitikisa kichwa kama mtu aliyethibitishiwa. Huko watu huchimba almasi, na alishasikia kwamba kuna vyuma vinavyoinusa. Akasema hatatusumbua. Ana shamba nyuma ya nyumba, anataka kuanza kuchimba, basi tupite nayo pale mara moja tu.

Nikafungua mdomo nimweleze upya. Tonton akaichukua fimbo mkononi mwangu, akaivuta yote, akaenda nyuma ya nyumba akichechemea. Alitembea shamba lile lote kutoka kona hadi kona bila haraka. Akarudi.

"Hapa hakuna kitu," alisema.

Mtu yule alisikitika, kisha akashukuru. Alisema angechimba bure na watoto wangekosa muhogo. Akalegeza kamba, akatupa na ndizi.

Nilipopanda pikipiki nilimwambia tonton kwamba tumemdanganya yule mtu. Tonton akaniuliza ni neno gani la uongo alilosema. Nilitafuta mpaka tukapita vijiji viwili, sikulipata.

Mvua

Mvua ilitukamata mchana, na madereva wakakataa kuendelea, wakasema udongo ule ukilowa unampeleka mtu unakotaka wenyewe. Mama mmoja kando ya reli alitupokea. Akatuwekea mkaa wa kukaushia nguo, akatuletea sahani ya nyama nyeupe katika mchuzi wa ngazi, zile tunda za mchikichi, pamoja na kwanga, mkate wa muhogo.

Sisi ni Waislamu, na tonton hali nyama bila kujua imekufaje. Aliuliza kwa adabu kama ni samaki.

"Inakaa ndani ya mai," mama alisema.

Tonton akauliza kama ina magamba.

"Iko na ngozi nguvu sana, papa. Ile ngozi tuko tunaiuza."

Tonton akaitazama sahani. Akauliza kama ina miguu. Mama akacheka, akasema sasa haina tena. Mimi nilikula kwanga na mchuzi wa pembeni. Tonton alisema amesafiri na msafiri amepunguziwa mengi, akala. Sijui kama hukumu ile ni sahihi. Nilikusudia kuuliza nikirudi, bado sijauliza.

Mvua ilipopungua alitoka kwenda kunawa nyuma ya nyumba. Alichechemea mguu wa kulia.

Niliona vizuri. Nina daftari dogo, nikaandika: kulia. Asubuhi ilikuwa kushoto. Akili yangu haikwenda pengine popote isipokuwa kwenye kazi yangu. Niliamua kwamba fimbo ni fupi kuliko ilivyopaswa, kwamba imemlemea upande mmoja mpaka imemharibia na mguu wa pili, na kwamba nimemlemaza mdogo wa baba yangu kwa sentimita mbili. Nilikaa karibu na mkaa na vibano, nikaivuta kidogo, nikakaza, nikaivuta tena. Tonton aliporudi akaniuliza nina nini. Nikasema sina kitu.

Ubundu, na ng'ambo

Ubundu tulifika kesho yake tumepakwa tope mpaka kwenye nyusi. Treni ilikuwa imesimama pale, imekauka, abiria wake wameshaoga. Mmoja alitupungia mkono.

Shule ya Madame Préfet iko ng'ambo ya mto. Chini ya Ubundu kuna maporomoko, kwa hiyo mtumbwi hauvuki moja kwa moja. Kwanza unapanda ukingoni kwa upondo, mbali sana, kisha unaachiliwa ukatize huku maji yakiusukuma chini. Mpiga kasia alikuwa mzee mwembamba. Upondo wake ulikuwa na ufa, akaomba fimbo.

Nilimwambia maji yakiingia kwenye mabomba yatakaa humo. Akasema maji ya mto hayakai popote. Nilimwambia chombo hiki ni cha kazi nyeti. Akatuonyesha kwa kidevu mahali maji yalipokuwa yanapinda kuelekea maporomoko. Tonton akanigeukia.

"Mupe."

Nikampa. Alisukuma nayo sakafu ya mto kwa uzito wake wote, na kila alipoisukuma ikawa inazama ndani yake yenyewe, polepole, mpaka ikabaki urefu wa mwiko. Akairudisha kwangu, akachukua upondo wenye ufa, tukavuka. Niliketi mbele nikimpa kila mtu mgongo. Ningeweza kujua pale pale shida ni nini. Badala yake nilikaza vibano kwa nguvu zangu zote na kujiambia kwamba mpiga kasia si mtu wa kamera.

Mwaka wa sita

Madame Préfet ni mama mfupi, anasema polepole, na anapokusikiliza anatazama kitu kingine. Alituamkia vizuri, akamuuliza tonton habari za nyumbani na za mguu, maana alikuwa amemwona akipanda kutoka mtoni. Akasema wanafunzi ni arobaini na mmoja, faili zinaondoka kesho na pikipiki ya ofisi, na hataweza kuzizuia. Hakutaja mwaka jana. Alisema tu kwamba yule kijana mwenye simu anakaa Ubundu, karibu.

Tukatundika kitambaa cheupe, tukaweka kiti, na pembeni kichapishi kidogo cha tonton, nikachora alama ya chaki pa kusimamisha fimbo. Nikafunga kamera. Tonton akashika fimbo kwa mikono yote miwili chini ya kamera, akaegemea, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliona picha imetulia. Niliangalia kioo nyuma ya kamera. Kijana wa kwanza alikuwa na macho mawili. Nilitoka nje kidogo, nikasimama ukutani, nikaandika kwenye daftari: mawili.

Kwa hiyo sikuwepo yalipoanza. Nilichokiona niliporudi ni hiki: mwanafunzi wa tisa ameketi kitini, amenyooka, uso umekauka. Mbele yake tonton amekunja magoti, kiuno kimeshuka, jicho liko kwenye kamera, na kamera iko sawa na tumbo la mwanafunzi, imetazama juu. Fimbo ilikuwa inateleza. Kwa kila picha ilishuka kidogo, na kwa kila picha tonton alishuka nayo, bila kujua, kama mtu anayefuata kitu kilichoanguka. Darasa zima lilikuwa linaona. Vijana na wasichana arobaini, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia papa mzima kwamba anapiga magoti.

Madame Préfet aliingia nyuma yangu. Alitazama.

"Papa Ramazani," alisema, "uko nasali?"

Hakuna aliyecheka. Tonton alisimama, akaishika fimbo, akaona urefu wake. Tulifungua picha kwenye kioo moja baada ya nyingine. Wa kwanza alikuwa mtu. Wa nne alikuwa mtu anayetazamwa na mtoto. Wa saba alikuwa na kidevu na matundu ya pua. Wa tisa alikuwa matundu ya pua. Na tangu wa tano hivi, kwa sababu tonton aliacha kuegemea fimbo akaanza kuinyanyua bila kujua, mitetemo ilikuwa imerudi yote, na matundu ya pua yalikuwa manne.

Madame Préfet alisema darasa litoke mapumziko. Alisema kengele ikilia atarudi, na atataka kuona picha moja ambayo anaweza kuitia kwenye faili. Kama haipo, atamtuma mtu Ubundu, na mtumbwi wa mwisho bado haujaondoka.

Tulikwenda nyuma ya darasa. Tonton alifungua vibano, akavuta bomba la ndani, akaligeuza kwenye jua.

"Umelifanya nini?"

Nikamwambia. Msasa, siku tisa, dawa ya meno.

"Dawa ya meno," alisema.

"Ndiyo, tonton."

Alilishika vilevile bomba lile, na mkono ulikuwa unatetemeka, na bomba likawa linametameta. Sote wawili tulikuwa tunalitazama.

"Bon. Hii fimbo iko ya mguu, ama iko ya mikono?"

Nilikuwa na jibu la mguu tayari mdomoni. Nilisema ya mikono.

"Tangu lini munajua?"

"Tangu mwaka jana."

"Nyumba nzima?"

"Nyumba nzima, tonton."

Alikaa juu ya tofali. Watoto walikuwa wanacheza mpira upande wa pili na tulisikia ukigonga ukuta.

"Mguu yangu haina kitu," alisema. "Nilichechemea sababu yako. Nilikuona umeteseka na hii machuma, umekonda, nikasema mutoto asipate haya."

Mimi nikibanwa husema la kiufundi.

"Lakini ulibadilisha mguu. Kule kwa mvua."

"Wa kushoto ulichoka."

Kisha akainama, akachota mchanga wa uani kiganja kizima, akaulowesha, akaushika juu ya bomba kwa kitambaa na kuanza kusugua juu chini. Sauti ile bado ninayo masikioni. Siku tisa zilikwisha kwa muda wa kukaanga yai. Alinipa bomba la kati nifanye vilevile, nikafanya, na naungama kwamba nilianza sehemu ambayo haitaonekana. Akanituma kwa mwalimu wa hesabu, ambaye baiskeli yake ilikuwa na kauchu ndefu nyuma, nikaiomba. Mwalimu hakuuliza ni ya nini. Aliniambia tu nisiikate.

Tuliporudi darasani tonton hakurudi kwenye alama yangu ya chaki. Alisogeza dawati mpaka mbele ya kiti, akasimamisha fimbo nyuma ya dawati, akaifunga nalo kwa kauchu juu na chini, kama watu wanavyofunga gunia la mkaa, akaitikisa. Haikutikisika. Akaniambia kamera ina saa ya kujipiga yenyewe, alijua siku zote. Lakini kamera ikijipiga, watu huona mikono ya mpiga picha haipo kazini, nao huuliza iko wapi.

Wanafunzi waliingia. Madame Préfet alisimama mlangoni. Tonton alirudi nyuma hatua mbili kutoka kwenye kamera, akainua mikono yake mbele ya watu wote, akaiacha itetemeke.

"Watoto, muangalie. Mikono yangu inatetemeka. Ile ya mwaka jana ilikuwa mikono, haikuwa ninyi. Leo machine itajipiga, mimi nitasimama hapa. Mukisikia tii, tii, tii, musipumue."

Sauti ya msichana ikatoka madawati ya nyuma: "Na weye, papa? Utapumua?"

"Mimi nitapumua ya wote."

Hapo darasa likacheka, na Madame Préfet akatazama dirishani.

Tulipiga arobaini na mmoja kuanzia mwanzo. Mimi nilikuwa nabonyeza na kurudi nyuma. Tonton alikuwa anaita majina, ananyoosha kola kwa sauti bila kugusa mtu, anawaambia wafikirie mbuzi wa jirani ameingia shambani, lakini wasikasirike. Madame Préfet alikaa na kamera mapajani, akaikuza kila picha mpaka jicho likajaa kioo, akahesabu macho. Alimrudisha mmoja kwa sababu ya nywele. Alipomaliza alimpa tonton kamera yake.

"Mwaka ujao kuja mapema," alisema. "Kabla ya mvua."

Kurudi

Tulirudi kwa treni, iliyotusubiri bila kujua. Tonton alilala njia nzima. Fimbo ilikuwa imefungwa kwenye mfuko, ina mikwaruzo yote ya mchanga, na kauchu ya mwalimu tulisahau kuirudisha, kwa hiyo nilimtumia nyingine, mpya, na dereva wa pikipiki akaniambia mwalimu aliuliza ile ya zamani iko wapi, maana ilikuwa imeshajinyoosha vizuri.

Kilichobadilika tangu turudi si kikubwa. Tonton hachechemei. Anapofika mahali pa kazi huwaambia watu kwanza kwamba mikono yake inatetemeka, halafu anaomba kitu cha kufungia. Na nyumbani, akiletewa kikombe cha chai kilichojaa, mimi humwambia anipe nimshikie, naye ananipa.